NURU YA KAMBINI: UCHAGUZI WA KURUNZI KWA SAFARI NDEFU ZA MSITUNI TABORA

Usiku wa Tabora ni mrefu mwaka mzima. Mji huo uko kiasi cha nyuzi tano kusini ya Ikweta, na kwa sababu hiyo urefu wa usiku haubadiliki sana: kati ya usiku mfupi kuliko wote na usiku mrefu kuliko wote ipo tofauti ya kama nusu saa tu. Jua huzama kabla kidogo ya saa moja jioni, machweo hupita upesi, na giza hukaa hadi karibu na saa moja asubuhi. Mkaaji wa mjini hazihesabu saa hizo, kwani nyingi huzilala na zilizobaki huziangazia kwa kubonyeza swichi. Mrina asali aliyepiga kambi katika misitu ya Sikonge, Urambo au Kaliua, mbali na duka lolote la betri, hana budi kuzihesabu moja moja.

Misitu ya miombo ya magharibi ya Tanzania ni miongoni mwa sehemu za Afrika zinazosifika sana kwa asali na nta. Mvua zikikatika na majani yakianza kukauka, warina huondoka vijijini kwa makundi, wakiwa na baiskeli zilizosheheni vyombo, unga na maturubali, wakaishi porini majuma mawili, matatu au zaidi. Mizinga yao, mingi ya magome na magogo, imetundikwa juu ya mitundu na miti mingine katika eneo kubwa. Tena kazi yenyewe hufanywa zaidi usiku, kwa maana nyuki wa Afrika ni wakali mno mchana. Kwa hiyo mrina anahitaji nuru ya namna tatu: ya kupikia na kukaa kambini, ya kutembelea njiani, na ya kufanyia kazi juu ya mti huku nyuki maelfu wakiwa mbele ya uso wake. Ni nadra kurunzi moja kuzifaa zote tatu, na hapo ndipo wengi hupotoshwa na mng'ao wa kurunzi za sokoni.

Wapagazi hawakubeba taa

Tatizo la nuru na uzito wa mzigo si geni katika nchi hii. Njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji penye Ziwa Tanganyika, ilikuwa na urefu wa kilomita 1,200 hivi. Burton na Speke waliifuata, wakawasili Kazeh, kitovu cha biashara katika Unyanyembe, mnamo Novemba 1857. Stanley alipita mwaka 1871, na Livingstone alikaa katika tembe la Kwihara mwaka 1872 kabla ya safari yake ya mwisho. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Lakini waliobeba misafara hiyo begani walikuwa wapagazi, Wanyamwezi kwa wingi, na mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32, mbali na mkeka wake, chungu chake na posho yake.

Katika mzigo wa namna hiyo hapakuwa na nafasi ya taa. Misafara iliutatua ugumu huo kwa kupanga saa. Kirangozi aliwaamsha watu kabla ya mapambazuko, mwendo ukaanza nuru ya kwanza ilipoonekana, na kwa kawaida kambi ilikwisha kupigwa kabla jua halijawa kali. Boma la miiba lilijengwa mchana, kuni zilikusanywa mchana, na usiku palikuwa na moto tu. Utaratibu huo ulivunjwa mahali pa shida, kama vile Mgunda Mkali, ile nyika kame iliyotenga Ugogo na Unyanyembe. Huko umbali kati ya kisima na kisima uliwalazimu watu kutembea mchana wa jua, mara nyingine hadi ndani ya giza. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ukawa mwisho wa misafara ile. Kanuni yao bado ina nguvu: saa ya nuru iliyo rahisi kuliko zote ni ile isiyohitajiwa. Kambi inayopika saa kumi na moja jioni, ikaosha vyombo na kupanga vifaa kabla ya machweo, hupunguza matumizi ya taa kwa nusu bila kununua kitu chochote.

Mafuta, betri na mizani

Kwa miaka mingi taa ya porini ilikuwa koroboi, na kwa mwenye uwezo, kandili ya chemni. Koroboi haina sifa ya kutetewa: moshi wake huumiza macho na kifua, na ikipinduka ndani ya kibanda cha nyasi hakuna atakayeokoa unga wala asali. Kandili ni chombo cha heshima. Hustahimili upepo, huangaza pande zote, na fundi wa kijijini aweza kuitengeneza. Ila huchoma, kwa makadirio, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya taa kwa saa. Kambi itakayoiwasha saa tatu kila usiku kwa majuma matatu itatumia saa 63, yaani karibu lita moja ya mafuta. Mafuta hayo, chombo chake na kandili yenyewe huzidi kilo moja, na tone likivuja juu ya mfuko wa unga, chakula kimeharibika. Tena mnunuzi wa asali huitambua mara moja asali iliyoshika harufu ya mafuta ya taa.

Kurunzi ya betri kavu ilikuja kama mkombozi. Asili ya betri hiyo ni kazi ya Mfaransa Georges Leclanché, aliyebuni seli ya zinki na oksidi ya manganizi mwaka 1866. Baadaye maji yake yaligeuzwa kuwa uji mzito ili seli iweze kubebwa. Katika Tanzania betri za National zilianza kutengenezwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na hakuna kijiji ambacho hazikufika. Kila aliyekua katika miaka ile anakumbuka betri zilizoanikwa juani juu ya bati ili redio ipate kusema tena jioni. Desturi hiyo haikuwa ujinga mtupu. Seli inapotumika, mazao ya mabadiliko ya kikemia hukusanyika karibu na ncha zake na kuuzuia umeme. Ikipumzishwa hutawanyika, na joto huharakisha kutawanyika huko. Hivyo betri iliyoanikwa hutoa nguvu kidogo zaidi. Lakini zinki iliyokwisha kuliwa hairudi kwa jua wala kwa kung'atwa na meno. Na kwa kuwa kopo la zinki ndilo linaloliwa, betri iliyochoka hutoboka na kuvujia ndani ya kurunzi. Kurunzi nyingi zimeuawa na betri zilizosahauliwa humo kuliko zilizouawa na mvua.

Kasoro kubwa zaidi haikuwa katika betri bali katika balbu. Balbu ndogo ya kurunzi ya zamani, iliyoandikwa volti 2.5 na ampea 0.3, hula wati 0.75, na sehemu kubwa mno ya nguvu hiyo huwa joto. Nuru inayopatikana ni lumeni sita au nane hivi, ambayo haifiki hata ya mshumaa mmoja wa kawaida, unaotoa kama lumeni 12. Ni kioo cha nyuma tu kinachoikusanya nuru hiyo hata ikaonekana kali. Betri kubwa mbili za zinki zaweza kuiendesha balbu hiyo kwa muda wa saa 13 au zaidi kidogo. Kwa zile saa 63 zingehitajiwa jozi tano, nazo zina uzito wa karibu kilo moja. Kwa mizani, basi, kurunzi ya zamani haikumpunguzia msafiri mzigo wowote akilinganishwa na mwenye mafuta. Ilimwondolea moshi na hatari ya moto tu.

Mabadiliko ya kweli yaliletwa na diodi zitoazo mwanga, ambazo madukani huitwa LED. Diodi nyekundu zilikuwapo tangu miaka ya 1960, lakini nuru nyeupe haikuwezekana mpaka Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipofanikiwa kupata diodi ya buluu yenye nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Diodi ya buluu hupakwa unga wa kemikali unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano, na jicho huona mchanganyiko wake kuwa mweupe. Diodi njema hutoa lumeni 100 kwa wati moja, mara kumi au zaidi ya balbu ile. Taa ya kambi ya lumeni 30 hula wati 0.3 tu. Kwa saa 63 itahitaji wati-saa 19. Ukiongeza robo kwa ajili ya upotevu, ni wati-saa 24. Seli moja ya lithiamu ya umbo la kidole kinene, ile iitwayo 18650, huhifadhi wati-saa 9 hivi na haifiki gramu 50. Seli tatu zinatosha majuma yote matatu, na zote pamoja hazifiki robo ya kilo.

Namba zinazodanganya

Hata hivyo hesabu hiyo nzuri huvunjwa na mnunuzi mwenyewe. Akifika dukani huwasha kurunzi mbili, akaziangaza ukutani, akanunua ile inayong'aa zaidi. Kurunzi inayotoa kweli lumeni 1,000 hula kama wati 10, nayo humaliza seli yenye wati-saa 9 kabla saa moja haijaisha. Tena hupata moto mkononi hata nyingi hujipunguzia nuru zenyewe baada ya dakika chache. Yafaa pia kukumbuka jinsi mwanga unavyofifia kwa umbali. Atakaye kuona mara mbili ya mbali anahitaji nuru mara nne, na kwa hiyo betri yake itakwisha mara nne upesi. Mtu anayefuata njia ya msituni hana haja ya kuona mita mia mbili. Ana haja ya kuona hatua nne mbele ya miguu yake, na kwa kazi hiyo lumeni 20 au 30 zinatosha. Kifutu, nyoka mnene mwenye sumu kali ambaye hulala njiani usiku bila kukimbia, huonekana vizuri kwa nuru hafifu iliyoinamishwa chini kuliko kwa mwale mkali uliolengwa vileleni mwa miti.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lihusu nuru yake ya chini kabisa, na saa ambazo itadumu katika hali hiyo. Kurunzi isiyo na ngazi ya chini ni ya kutafutia ng'ombe aliyepotea. Haifai kwa safari ya majuma. Maandishi ya kwenye sanduku yasomwe kwa tahadhari. Kipimo cha Kimarekani kiitwacho FL 1, kilichotolewa mwaka 2009 na kufuatwa na watengenezaji wengi, huhesabu muda wa kurunzi hadi nuru yake iposhuka ikafikia sehemu moja ya kumi ya ile ya mwanzo. Sanduku likisema saa 50, basi nyingi za saa hizo zaweza kuwa za nuru ya kufifia. Huo ni utaratibu wa wanaopima kwa haki. Wapo wasiopima kabisa. Seli za 18650 zilizoandikwa milliampea-saa 9,900 huuzwa hadharani, ilhali seli bora za umbo hilo hufikia kama 3,500. Seli ya namna hiyo ni ya uongo bila haja ya kuipima, na mara nyingi uzito wake hafifu mkononi huthibitisha hivyo. Betri za lithiamu zisizo na kinga si mchezo pia: zikigusana na misumari au funguo mfukoni, huweza kuwaka. Zibebwe katika kikasha chao.

Kuhusu maji, herufi IPX4 humaanisha kwamba kifaa hustahimili matone ya kurushwa, na IPX7 kwamba kimepimwa ndani ya maji ya mita moja kwa nusu saa. Kwa mrina wa kiangazi ya kwanza inatosha. Kwa mvuvi wa Mto Ugalla ni afadhali ya pili.

Jicho la nyuki

Liko jambo ambalo wauza kurunzi hawalijui, nalo kwa Tabora ni kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa Austria, Karl von Frisch, aliwafundisha nyuki kutafuta maji ya sukari juu ya kadi za rangi, na kwa njia hiyo akaonyesha kwamba nyuki huona rangi. Utafiti wake mrefu juu ya nyuki ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Jicho la nyuki lina vipokezi vya namna tatu: vya miali ya urujuanimno ambayo binadamu haioni kabisa, vya buluu, na vya kijani. Kipokezi cha nyekundu hakimo. Kwa nyuki, nuru nyekundu iliyokolea ni giza, au karibu na giza.

Sasa itazamwe taa nyeupe ya kisasa. Chini ya weupe wake imo diodi ya buluu yenye mawimbi ya nanomita 450 hivi, na kipokezi cha buluu cha nyuki hupokea vizuri zaidi nanomita zipatazo 440. Ni kama taa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya jicho la nyuki. Mwenge wa nyasi na balbu ya zamani vilikuwa na buluu kidogo sana. Mrina aliyeacha mwenge akavaa taa nyeupe kichwani amejifunga shabaha katikati ya paji la uso, kwa kuwa nyuki aliyechokozwa usiku huiendea nuru. Warina wa Malaysia, wanaopanda miti mirefu kuwatafuta nyuki wakubwa wa mwituni, huitumia tabia hiyo kwa werevu: hupanda usiku usio na mbalamwezi, hugonga mwenge wa mizizi, na nyuki huzifuata cheche zinazoanguka hadi chini, mbali na mtu aliye juu.

Lakini cheche ndizo zisizofaa Tabora. Msimu wa kurina huangukia wakati nyasi zinakauka, na mwenge uliodondoka chini ya mzinga huweza kuchoma msitu ambao maua yake ndiyo asali ya mwaka ujao. Zaidi ya hapo mwenge huua nyuki wenyewe, na kundi lililoungua halirudi mzingani. Bomba la moshi baridi pamoja na mavazi ya kinga vimekuwa vikifundishwa kwa muda mrefu mahali pa mwenge, na mafunzo hayo ni ya haki; ila hayakamiliki bila kuzungumzia rangi ya taa. Kinachofaa ni taa ya kichwani yenye diodi nyekundu inayojitegemea, yenye swichi inayoiwasha nyekundu moja kwa moja bila kupitia nyeupe kwanza. Zipo taa nyingi ambazo hulazimisha kuwasha nyeupe kila mara, na kasoro hiyo ndogo, isiyoonekana dukani, huja kuonekana juu ya mti. Asiyeipata aweza kufunika kioo kwa tabaka mbili za karatasi nyangavu nyekundu, ingawa atapoteza nuru nyingi. Taa nyeupe ya akiba itundikwe mtini hatua kadhaa pembeni, iwashwe nyuki wakizidi, iwavute huko.

Nyekundu ina faida nyingine kwa binadamu mwenyewe. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na uzoefu huo hufutwa mara moja na mwale mweupe. Seli za jicho zinazofanya kazi gizani huathiriwa kidogo sana na nuru nyekundu hafifu. Mtu aliyeshuka mtini akiwa ametumia nyekundu peke yake huona njia, wenzake, na kando ya msitu kwa mwanga wa nyota tu, jambo ambalo mwenye kurunzi ya lumeni elfu hajapata kuliona.

Jua, akiba na majaribio

Katika kiangazi anga la Tabora huwa jeupe kwa siku nyingi mfululizo, na paneli ndogo ya jua ya wati mbili huweza kurudisha wati-saa tano kwa siku, hata baada ya kuhesabu upotevu. Hizo ni zaidi ya mahitaji ya kambi moja kwa usiku. Isilazwe mahali ambapo kivuli cha tawi kinaikata katikati, kwa sababu kivuli kidogo huweza kuzima sehemu kubwa ya paneli. Taa yenyewe isiachwe juani pamoja nayo bila sababu, maana joto hufupisha maisha ya lithiamu. Hata hivyo paneli huvunjika na waya hukatika. Kundi la watu wanne lafanya vema kuwa na taa zinazotumia seli za aina moja, ili ya mmoja iweze kumwokoa mwingine, na kubeba kurunzi moja ya betri kavu iliyotolewa betri zake na kufungwa kando. Betri zilizokwisha zirudi nyumbani ndani ya kopo. Metali zake hazina kazi yoyote katika udongo wa miombo wala katika kisima cha kambi.

Kabla ya kuondoka, kila taa ijazwe umeme, iwashwe jioni katika ngazi yake ya chini, ikaachwa chumbani, na saa ya kuwasha iandikwe katika daftari. Iangaliwe asubuhi, mchana na jioni ya pili. Ile iliyoahidi saa 40 ikazimika katika saa ya 11 ibaki kijijini.